Mkate wa kukaanga wa Wanavajo kwa ajili ya taco: kwa nini wangu unakuwa mgumu kama kigae na bado unanyonya mafuta?

#1 Mgeni wa Albuquerque
Salaam, wanajukwaa. Ninaishi Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, na huu ni mwaka wangu wa sita. Wanaoishi pande hizi wanakifahamu chakula kinachouzwa na akina mama wa Kinavajo, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji wa Marekani, kwenye maonyesho na kando ya barabara kuu: mkate bapa wa ngano, mpana kama sahani, uliokaangwa ukavimba, kisha ukamwagiwa maharage, nyama ya kusaga, letusi iliyokatwa nyembamba, nyanya, chizi na pilipili ya kijani ya hapa New Mexico. Wenyewe huuita taco ya Kinavajo. Jumapili iliyopita niliazimia kuwapikia watu wa nyumbani, hasa kwa kuwa mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga.

Nilichukua vikombe 3 vya unga wa ngano, vijiko 3 vya chai vya beking pauda, kijiko 1 cha chumvi na kikombe 1 na robo cha maji ya uvuguvugu. Nilikanda kwa robo saa nzima, nikasukuma, nikakaanga kwenye karai. Mikate ilivimba pembeni tu, ikakauka kama biskuti, na nilipoibonyeza kwa karatasi ya jikoni ikatoa mafuta ya kujaza kijiko. Mama mkwe aliuchukua mmoja, akaugonga ukingoni mwa sahani mara mbili, akaniuliza kwa upole: "Baba, huu ni mkate au kigae?"

Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa kikavu na chenye mafuta kwa wakati mmoja. Nimekosea wapi?

#2 Somo wa Pangani
Umekosea kwenye hiyo robo saa. Umeukanda kama unga wa chapati, na huo si unga wa chapati. Ngano ina gluteni, yaani ile protini inayoufanya unga uvutike, na kadiri unavyoikanda ndivyo inavyokaza nyuzi zake. Chapati inavumilia kwa sababu tunaitia mafuta ndani, tunaiviringa na kuipumzisha. Mkate huu hauna mafuta ndani yake, kwa hiyo ukishaukaza hauna cha kuulegeza. Changanya kwa vidole mpaka unga ushikamane, hata ukibaki na vinundu kidogo, kisha ufunike kwa kitambaa kwa nusu saa. Usitumie mti wa kusukumia. Ubapishe kwa viganja.

#3 Karai la Shaba
Namheshimu Somo, lakini ukandaji unaeleza ugumu tu, hauelezi mafuta. Mkate unaonyonya mafuta ni mkate uliotumbukizwa kabla mafuta hayajashika moto. Yakiwa na moto wa kutosha, maji yaliyomo kwenye unga hugeuka mvuke papo hapo na kutoka kwa nguvu, na mvuke huo ndio unaoyazuia mafuta yasiingie. Yakiwa ya vuguvugu, mkate unakaa humo kama unaoga. Nyuzijoto 180 hadi 190 zinatosha. Ukikosa kipimajoto, dondosha kipande cha unga chenye ukubwa wa punje ya kunde: kikizama na kubaki chini, subiri, kikizama na kuibuka mara moja kikiwa na mapovu, endelea, kikigeuka cha kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto.

Halafu utuambie, ulikaanga mmoja mmoja au uliijaza karai?

#4 Mgeni wa Albuquerque
Nilikaanga mitatu kwa pamoja, wageni walikuwa wamekwisha kukaa mezani.

#5 Karai la Shaba
Basi kesi yangu nimeifunga.

#6 Fundi wa Vipimo
Usiifunge mapema. Hakuna aliyeuliza mji wenyewe uko wapi. Albuquerque iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Hewa inayozalishwa na beking pauda hutanuka kupita kiasi, vipovu vikapasuka kabla unga haujaiva, na mkate ukalala. Wakati huohuo maji ya ndani ya unga hutoroka mapema, ndiyo maana mkate ukakauka. Kwenye miinuko hushauriwa kupunguza beking pauda kidogo, na hata joto la mafuta lishuke kidogo, kwa sababu nje huungua kabla ya ndani kuiva. Kwa hiyo ushauri wa #3 wa nyuzijoto 190 unamfaa mtu wa Tanga, haumfai huyu ndugu.

#7 Jirani wa Kangemi
Mwinuko usisingiziwe bure. Mimi ninaishi Nairobi, takriban mita 1,700, yaani juu ya Albuquerque, na kila asubuhi mtaani kwetu yanakaangwa maandazi kwa mamia, laini, yaliyovimba mpaka yana uwazi katikati, na hakuna muuzaji hata mmoja anayepima kanieneo ya hewa. Mwinuko unatusumbua kwenye maharagwe tu, ambayo yasipolowekwa usiku kucha hula makaa ya siku nzima.

#8 Fundi wa Vipimo
Muuzaji wa Kangemi hapimi kwa sababu vipimo vyake vilirekebishwa na bibi yake miaka mingi iliyopita, kwa kukosea na kurudia. Huyu mwenzetu amechukua vipimo vya mtu mwingine. Hata hivyo nakubali kwamba mwinuko peke yake hautoshi. Naongeza jambo ambalo Nairobi hamnalo: ukavu. New Mexico ni nusu jangwa, na unga unaokaa kwenye kabati la huko unapoteza unyevu. Kikombe 1 na robo cha maji kinachotosha Mombasa, ambako unga wenyewe umejaa unyevu wa bahari, hakitoshi kule. Nashuku alikanda kwa robo saa kwa sababu unga ulikuwa mkavu na haukutaka kushikamana.

#9 Mgeni wa Albuquerque
Hilo la mwisho ni kweli. Ulikuwa ukimeguka vipande mpaka nikaloweka vidole mara mbili.

#10 Mchokozi wa Kariakoo
Samahani kwa kuingilia kati ya wataalamu. Ninaomba tukubaliane jambo moja la tahajia: neno *taco* libaki katika tahajia yake ya kigeni. Nimeona mtu kwenye uzi mwingine akiliandika kwa herufi k, kwa uzalendo, akaeleza jinsi alivyomwandalia mama mkwe wake chakula hicho cha moto mezani. Ndoa hiyo naiombea heri.

#11 Somo wa Pangani
Mchokozi, una adabu ya kuku. Lakini ni kweli, liandikwe kwa c.

#12 Mpenda Historia
Nimefurahi kuona tunajadili chakula cha asili cha Wahindi Wekundu, ambacho wamekila tangu zama za kale, kabla mzungu hajafika. Naona hata kwetu tungejivunia vyakula vyetu vya asili namna hiyo.

#13 Mlinzi wa Kumbukumbu
Ndugu wa #12, masahihisho mawili, kwa nia njema. Kwanza, jina hilo linawaudhi wengi wao. Tuseme Wenyeji wa Marekani, au tuwaite kwa jina lao. Wanavajo hujiita Diné, maana yake watu. Pili, chakula hiki si cha zama za kale hata kidogo, kwa sababu ngano haikuwepo bara la Amerika kabla ya Wahispania. Masimulizi yanayokubaliwa na familia nyingi za Diné yanaanzia mwaka 1864. Jeshi la Marekani lilichoma mashamba yao na kukata mipichi yao katika korongo la Canyon de Chelly, kisha likawatembeza kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, kwenye ngome ya Fort Sumner kando ya mto Pecos, mahali ambapo wao hupaita Hwéeldi. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko. Mahindi waliyopanda yaliliwa na viwavi, maji ya mto yalikuwa ya chumvichumvi, na wakalishwa kwa posho ya jeshi, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa unga wa ngano, mara nyingine umeharibika. Unga, chumvi na mafuta ndivyo vilivyouzaa mkate huu. Waliruhusiwa kurudi kwao baada ya mkataba wa Juni 1868.

Kwa hiyo unapoukaanga, unakaanga posho.

#14 Mpenda Historia
Nashukuru kwa masahihisho.

#15 Kijiko cha Mti
Ninamuunga mkono #13 kuhusu safari ile na mateso yake, lakini sina hakika kama mkate wenyewe ulizaliwa kule. New Mexico ilikuwa chini ya Wahispania kwa zaidi ya karne mbili kabla ya 1864, na ngano ililimwa huko miaka yote hiyo. Wenyeji wa Kihispania wa jimbo hilo wana *sopaipilla*, andazi la ngano linalokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka linavimba kama mto wa kulalia, na undugu wake na mkate wa Wanavajo unaonekana kwa macho. Inawezekana Diné waliijua ngano ya kukaanga kupitia majirani kabla ya ngome, na kule ngomeni ikawa chakula cha kila siku kwa sababu hapakuwa na kingine. Tena mkate huu unakaangwa na mataifa mengine mengi ya Wenyeji, Walakota kwa mfano, ambao hawakuwahi kufika Bosque Redondo. Hao nao walipewa unga wa posho, kila mmoja katika eneo lake alilofungiwa. Sioni sababu ya kutafuta mama mmoja wa mkate wenye mama wengi.

#16 Mlinzi wa Kumbukumbu
Hoja ya *sopaipilla* naifahamu. Lakini kufanana si ushahidi wa nani alimfundisha nani. Hata kalimati na maandazi vinafanana.

#17 Msafiri wa Kigoma
Ninawasoma kutoka Phoenix, Arizona. Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Neno posho limenigusa. Kambini tulipokea unga wa mahindi, maharage au mbaazi za njano, chumvi na mafuta ya kula yaliyotiwa vitamini A, katika makopo ya bati. Mama yangu alikuwa akibadilisha kikombe cha unga wa mahindi sokoni ili apate ngano kidogo, akatukaangia mandazi siku ya Jumapili kwa mafuta yaleyale ya posho. Hakuna aliyetuambia kwamba ni chakula cha dhiki, na mpaka leo nikiwa na huzuni ndicho ninachokitamani. Kopo likiisha halikutupwa. La kwetu lilikuwa ndilo pishi la kupimia, na baadaye likawa mlango wa banda la kuku.

Kuhusu swali lenyewe: kazini kwetu kuna mama wa Kidiné ambaye huleta mikate hii wakati wa sikukuu, na siku moja nilimtazama akiitengeneza. Hakupima kitu chochote. Alichota unga kwa mkono, akatia beking pauda, chumvi na maziwa ya unga kidogo, akamwaga maji ya moto ya bombani, akauchanganya kwa vidole vitatu tu huku akizungusha bakuli kwa mkono wa pili. Ulikuwa unanata, mlaini kuliko wa mandazi, kiasi kwamba mimi ningeongeza unga. Akaufunika, akapiga soga, akarudi. Alilichukua donge lenye ukubwa wa chungwa dogo, akalirusha kutoka kiganja hadi kiganja, pa, pa, pa, likawa linapanuka lenyewe kwa uzito wake, kisha akatoboa tundu katikati kwa kidole gumba. Nilipomuuliza tundu ni la nini, alisema mkate uive sawasawa. Dada yake aliyekaa pembeni akasema si hivyo, ni ili uuopoe kwa kijiti. Wakabishana kwa lugha yao mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi.

#18 Karai la Shaba
Mafuta yakatoa moshi, umesikia hiyo, Fundi? Moto wa kutosha!

#19 Fundi wa Vipimo
Phoenix iko kama mita 330 tu, chini hata ya Morogoro. Ushahidi wako umetoka bondeni.

#20 Daktari wa Mtaani
Kabla hamjajaza matumbo, tukumbuke kwamba mjadala huu unawaumiza wenyewe huko. Jimbo la South Dakota liliutangaza kuwa mkate wake rasmi mwaka 2005, na mwaka huohuo mwandishi na mwanaharakati Suzan Shown Harjo akaandika akiwahimiza Wenyeji wenzake wauache, kwa sababu aliuona kuwa alama ya unene na kisukari, wala si ya utamaduni. Mpishi Sean Sherman, Mlakota, alifungua mgahawa wa Owamni mjini Minneapolis mwaka 2021 na humo hakuna unga wa ngano wala maziwa wala sukari ya miwa, sembuse mkate wa kukaanga. Taifa la Navajo lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kutoza kodi ya ziada ya asilimia 2 kwenye vyakula visivyo na lishe.

#21 Msafiri wa Kigoma
Daktari, hayo ni kweli, na yule mama wa kazini anayasema mwenyewe. Ana kisukari na huula mara chache kwa mwaka. Lakini husema pia kwamba bibi zake waliobaki hai, walibaki hai kwa huo. Mimi sina ubavu wa kumchagulia aukumbuke kwa namna gani.

#22 Mwana wa Jinja
Nimechelewa, ila hakuna aliyelitaja hili. Kwetu Uganda ugali wenyewe unaitwa *posho*, kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa ndio mgao wa vibarua na wapagazi. Jina la mgao likawa jina la chakula, na leo mtoto wa shule hajui kwamba anakula jina la kibarua. Na Watanzania wenye umri wangu waulizwe kuhusu unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada ya miaka ya sabini.

#23 Mchokozi wa Kariakoo
Mimi ni Simba tangu tumboni. Nyumbani kwetu unga ule ulipikwa, ukaliwa, na haukutajwa jina.

#24 Bibi wa Mkunazini
Niulize la muhimu: wauzaji wa huko wanatumia mafuta gani? Nina mwanangu anayesoma Arizona.

#25 Msafiri wa Kigoma
Shikamoo, Bibi. Wengi siku hizi hutumia mafuta ya mimea, lakini wapo wanaoshikilia mafuta ya nguruwe, kama ilivyokuwa zamani, wakisema ladha ni hiyo. Mwambie aulize kabla ya kununua, au apike mwenyewe.

#26 Bibi wa Mkunazini
Marahaba, mwanangu. Nimemwandikia. Amejibu kwamba alikwisha kula mitatu. Nitaongea naye.

#27 Somo wa Pangani
Turudi kwa mwenye uzi, maana jikoni hapana baraza. Mgeni wa Albuquerque, hujatuambia unga wako ulikuwa wa aina gani. Marekani kuna unga wa matumizi yote na kuna unga wa kuokea mikate, wenye protini nyingi zaidi. Kama ulitumia huu wa pili ukaukanda robo saa, hata kigae ni sifa.

#28 Mgeni wa Albuquerque
Nimekwenda kuutazama mfuko. Ni wa kuokea mikate. Niliuchagua kwa sababu umeandikwa "mkate".

#29 Kijiko cha Mti
Diné wengi hawataki kusikia unga mwingine zaidi ya Blue Bird, unaosagwa Cortez, Colorado, na kuuzwa katika mifuko ya kitambaa yenye picha ya ndege wa buluu. Mifuko yenyewe hushonwa aproni na mikoba. Kwa mji uliopo, huenda ukaupata bila kuhangaika.

#30 Mgeni wa Albuquerque
Nashukuru wote. Nimerudia jana jioni, na ninawaletea taarifa kamili. Nimepata unga wa Blue Bird. Nimetia maji zaidi, karibu kikombe 1 na nusu, na vijiko viwili vya maziwa ya unga. Nimeuchanganya kwa vidole bila kuukanda, nikaufunika kwa nusu saa. Nimepunguza beking pauda kwa robo kijiko kwa heshima ya Fundi, nikakaanga mmoja mmoja kwa heshima ya Karai. Mikate minane ya kwanza ilivimba vizuri, laini ndani, na ukiikunja haivunjiki, japo niliiweka bapa kama wafanyavyo wao. Miwili ya mwisho ilikuwa migumu tena, sijui kwa nini.

#31 Fundi wa Vipimo
Umebadilisha mambo saba kwa mkupuo mmoja. Sasa tutajuaje lililosaidia? Ungebadilisha moja moja, ukatuandikia.

#32 Mgeni wa Albuquerque
Mama mkwe anaondoka Alhamisi, Fundi.

#33 Somo wa Pangani
Miwili ya mwisho ilikauka kwa sababu madonge yalikaa wazi ukikaanga mengine. Yafunike.

#34 Karai la Shaba
Au mafuta yalikuwa yamechoka na kujaa masizi ya unga.

#35 Fundi wa Vipimo
Au beking pauda ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake yote kwenye bakuli. Ya siku hizi hufanya kazi mara mbili, kwenye maji na kwenye moto, lakini haisubiri milele.

#36 Jirani wa Kangemi
Na mama mkwe alisema nini safari hii?

#37 Mgeni wa Albuquerque
Alikula mmoja na nusu bila kuugonga. Kisha akaingia jikoni, akauchukua unga uliobaki kwenye mfuko, akauliza tui la nazi liko wapi, na iliki. Leo asubuhi tumeamkia mahamri, na wanangu wameyamwagia maharage ya jana na chizi juu, wakasema hiyo nayo ni taco. Sikuwajibu kitu, nilikuwa natafuna.

#38 Jirani wa Kangemi
Hayo maharagwe yaliiva?

#39 Mgeni wa Albuquerque
Ya kopo.